Muziki wa Dansi Ulitungwa Safarini

Historia ya muziki wa dansi wa Tanzania imezoeleka kusimuliwa kutoka Dar es Salaam. Msimulizi huanza na Dar es Salaam Jazz Band iliyoanzishwa 1932, hupita kwa Western Jazz, Kilwa Jazz na NUTA, kisha hutulia kwenye ushindani wa Msondo (mtindo wa NUTA) na Sikinde (mtindo wa Mlimani Park), akieleza nani alihama bendi ipi na mtindo upi ulizaliwa baada ya ugomvi upi. Ushahidi wake mkubwa ni kanda za Redio Tanzania, zilizorekodiwa katika jiji hilo hilo. Habari anazozitoa sizipingi. Nyingi ni za kweli, na zimehifadhiwa na watu walioupenda muziki huu kwa dhati. Ninachobisha ni mahali anapoweka kitovu. Safari za mikoani, ambazo huelezwa kama nyongeza au kama visa vya wanamuziki wazee, ndizo zilizoupa muziki huu Kiswahili chake, urefu wa nyimbo zake, namna ya kumilikiwa kwake, hata jinsia ya wengi walioupiga. Ukiondoa reli, lori na basi, kinachobaki ni vilabu vya dansi vya mjini vya aina iliyokuwepo katika miji mingi ya kikoloni, vilivyojumuisha makarani na mafundi wachache Jumamosi usiku, ambavyo pengine visingekuwa na la kukumbukwa nje ya mitaa yao.

Mwendo wenyewe ni wa zamani kuliko gitaa la umeme. Ngoma ya beni ilianza katika miji ya pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, kwenye miaka ya 1890, ikiiga gwaride na bendi za kijeshi. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 juu ya ngoma na jamii Afrika Mashariki, ameonyesha jinsi Vita Kuu ya Kwanza ilivyoibeba ngoma hii. Askari na wapagazi waliokusanywa kutoka kila upande waliicheza kambini, na waliporudi makwao waliipeleka Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na Kongo. Vyama vyake viwili vikuu, Marini na Arinoti, vilikuwa na matawi mji baada ya mji, na mtu aliyehamishwa kikazi kutoka Tanga hadi Tabora alikuta chama chake kinamsubiri. Baada ya vita, maafisa wa Kiingereza waliushuku mtandao huo wakidhani ni siasa ya siri, kwa kuwa hawakuwa wameona jumuiya nyingine ya Waafrika iliyoenea mbali kiasi hicho bila kufuata kabila wala misheni. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba kilichowaunganisha watu wale kilikuwa njama. Kilikuwa ni ngoma yenye wenyeji na wageni, pamoja na ada ya kupokea na kupokelewa. Vilabu vya dansi vya miaka ya 1930 vilirithi ada hiyo, na bendi zilizofuata zikairithi kutoka kwao.

Ramani ya bendi inalingana mno na ramani ya reli hivi kwamba ni vigumu kuita jambo hilo nasibu. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza lilikamilika 1928. Ukishuka kituo kwa kituo unakutana na Morogoro Jazz ya 1944, Cuban Marimba ya Salum Abdallah iliyoota mizizi mwaka 1948 katika mji huo huo, halafu Dodoma Jazz, Tabora Jazz, na mwisho wa reli Lake Tanganyika Jazz ya Kigoma. Tanga, yenye reli yake na mashamba yake ya mkonge, ilitoa Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Anayetaka kupinga atasema miji ya reli ndiyo iliyokuwa na umeme na mishahara, kwa hiyo kilicholea bendi ni fedha na wala si safari. Kuna ukweli hapo. Lakini fedha peke yake haielezi kwa nini Bukoba na Moshi, zilizokuwa na kahawa na wakulima wenye uwezo, hazikutoa bendi zenye jina kama zile za Morogoro. Morogoro ulikuwa mji mdogo. Ulichokuwa nacho ni kukaa njiani. Treni na malori ya kwenda bara yalipita pale, na mashamba ya mkonge yaliyouzunguka yaliajiri manamba kutoka kusini, kutoka Msumbiji na kutoka Ruanda-Urundi, watu waliokuwa na mshahara mwisho wa mwezi na wasiokuwa na ngoma moja ya pamoja. Bendi ya mji wa namna hiyo ilijifunza kupigia hadhira ya wageni kabla haijatoka hata kilomita moja nje ya mji wake.

Vita Kuu ya Pili iliongeza shule nyingine. Jeshi la King's African Rifles (KAR) lilikuwa na vikosi vya burudani vilivyofuata askari hadi Ceylon, India na Burma. Fundi Konde, mzaliwa wa pwani ya Kenya, ni mmoja wa waliopitia humo, na baada ya vita Rhino Band ilitua Mombasa ikiwa na wanamuziki waliokwishazoea kufunga vyombo na kuvifungua kila siku chache mbele ya watu wapya. Waliorudi vitani walijua jambo ambalo makarani wa vilabu vya dansi hawakulijua, yaani kwamba mwanamuziki anaweza kuwa mtu wa kazi hiyo tu, na kwamba kazi hiyo huenda kule waliko watu. Kutoka upande wa Katanga, Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, alifika Nairobi mwishoni mwa muongo huo na gitaa lake, na Edouard Masengo akafuata njia hiyo hiyo. Kampuni za biashara ziliwatumia kutangaza bidhaa. Kiswahili walichoimba kilikuwa cha Kongo, na hadhira ya Kenya iliwaelewa.

Sababu kubwa iliyoziweka bendi barabarani ilikuwa ya kiuchumi, na hapa ndipo kanda za redio zinapotupotosha zaidi. Tanganyika, na baadaye Tanzania, haikuwa na kiwanda cha kutengeneza sahani za santuri wakati muziki huu ulipokuwa katika ubora wake. Aliyetaka sahani aliitafuta Nairobi. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo 1951, na tangu 1965 Redio Tanzania ikawa ndiyo studio ya taifa. Ilirekodi bendi kwa malipo madogo na ikapiga nyimbo zao miaka nenda rudi. Kwa mwanamuziki, redio ilikuwa tangazo. Wimbo ukipigwa Jumapili mchana, watu wa Songea na Shinyanga waliujua, lakini kwa kuujua tu hawakumpa aliyeutunga hata senti. Ili ujuzi huo ugeuke fedha ilibidi bendi yenyewe iende Songea na Shinyanga ikasimame ukumbini, na mtu alipe kiingilio mlangoni. Hata sheria ya hakimiliki ya 1966 haikubadili hali hiyo kwa wapigaji. Chombo cha kusimamia hakimiliki, COSOTA, kilitokana na sheria mpya ya 1999, wakati wengi wa watunzi wakubwa walikuwa wamezeeka au wamezikwa.

Kwa hiyo ziara ilikuwa na kalenda, na kalenda hiyo ilikuwa ya mkulima. Bendi zilielekea Usukuma pamba inapouzwa katikati ya mwaka, na zilishuka Mtwara na Lindi wakati wa korosho kuelekea mwisho wa mwaka. Mapengo yakajazwa na Idi, Pasaka, Krismasi na Saba Saba. Usukumani hili halikuwa geni kabisa. Mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu yalikuwa yakifanyika baada ya mavuno tangu zamani, kwa hiyo bendi iliyofika mwezi wa saba iliwakuta watu walio tayari kwa kucheza, wenye fedha na wenye nafasi. Utaratibu wenyewe haukubadilika sana kwa miongo. Mtu alitangulia kutafuta ukumbi na kibali na kuzungumza na mwenye baa, ambaye kwa kawaida alibaki na mauzo ya bia na kuiachia bendi viingilio, au walikubaliana kugawana. Bendi ikifika, gari lilizunguka mji alasiri likiwa na kipaza sauti juu yake, likitaja majina ya waimbaji na kuahidi muziki hadi majogoo. Usiku bendi ilipiga. Asubuhi vyombo vilirudi garini. Wapigaji walilala gesti kama mapato yaliruhusu, na yasiporuhusu walilala njiani. Kumbi zilikuwa za aina chache, yaani majumba ya ustawi wa jamii yaliyoachwa na Waingereza, kumbi za TANU na baadaye CCM, mabwalo ya mashamba na ya vyuo, na baa zenye ua mpana. Ni kweli kwamba bendi hazikufika vijijini ndani. Ziliishia kwenye miji ya wilaya, mahali penye umeme au jenereta. Lakini mji wa wilaya ulitosha, kwa sababu ndiko walikokaa mwalimu, karani wa ushirika, muuguzi, dereva na askari waliohamishiwa pale kutoka mikoa mingine.

Ukishaelewa kwamba fedha iko barabarani, umiliki wa bendi nao unaeleweka. Gitaa, vipaza sauti, ngoma na saksafoni vililetwa kutoka nje kwa fedha za kigeni, na gari la kuvibeba pamoja na watu kumi na watano lilikuwa ghali kuliko vyote. Wapigaji wenyewe hawakuwa na uwezo huo isipokuwa mara chache. Mwaka 1964 umoja wa wafanyakazi, NUTA, uliunda bendi na kuwalipa wanamuziki mshahara. Umoja wa Vijana wa TANU ukafuata na Vijana Jazz, kiwanda cha nguo cha Urafiki na Urafiki Jazz, na Polisi, Magereza na jeshi navyo vikawa na bendi. Hilo huelezwa kama siasa ya Ujamaa, na siasa ilikuwepo kweli, kwani bendi ziliimba Azimio la Arusha na vita ya Kagera. Lakini linganisha orodha ya wamiliki na orodha ya taasisi zilizoweza kupata gari, mafuta na vipuri katika nchi yenye uhaba, utaona kwamba zinafanana sana. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Mlimani Park Orchestra. Ilipoanzishwa 1978, mmiliki wake alikuwa shirika la usafiri na teksi, TTTS. Bendi ambayo wengi huihesabu kuwa kilele cha muziki wa dansi ililelewa na watu wa magari, na shirika hilo lilipoanguka ikachukuliwa mwaka 1983 na DDC, shirika la maendeleo la jiji lililokuwa na kumbi. Maquis du Zaire, waliotoka Kongo na kutua Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, walichagua njia ngumu zaidi. Waliunda kampuni yao wenyewe, OMACO, ili vyombo na mapato vibaki mikononi mwa wapigaji. Walijua walichokuwa wakikikwepa. Mwanamuziki asiye na vyombo angeweza kuhama bendi kila mwaka, na wengi walihama, lakini alihama akiwa na sauti na vidole vyake tu, na mtindo alioujenga ukabaki kwa mwenye gari.

Muundo wa nyimbo nao una alama za safari. Wimbo wa dansi kwa kawaida huanza taratibu, maneno yakisikika, kisa kikipangwa; kisha huingia chemko, magitaa yakajibizana na saksafoni na watu wakacheza bila haraka ya kumaliza. Sahani ya santuri ya wakati ule ilibeba dakika chache kila upande, kwa hiyo wazalishaji wa Nairobi waliukata wimbo sehemu ya kwanza na ya pili, na msikilizaji akaugeuza katikati. Watafiti wanaoanzia kwenye sahani huuona mkato huo kama umbo la wimbo. Umbo lake halisi lilikuwa la usiku mzima mbele ya watu waliolipa kiingilio mara moja na kutaka kukila hadi mwisho. Bendi iliyokuwa Tabora kwa siku mbili haikuwa na nyimbo za kujaza saa nane bila kuzirefusha, na kile walichokirefusha ukumbini, wakiona watu wa mji ule wanaitikia wapi, ndicho walichokileta studio kikiwa kimekomaa. Ndiyo maana kanda nyingi za Redio Tanzania zinasikika zimeiva namna ile japokuwa zilirekodiwa kwa muda mfupi na kwa vifaa vichache. Wimbo ulikuwa umeshafanyiwa majaribio katika miji mingi.

Hoja nzito dhidi yangu inahusu lugha. Mtu atasema kwamba Kiswahili kilishaenea kwa misafara, kwa shule za Wajerumani, kwa TANU. Na kwamba Redio Tanzania ilirusha nyimbo kwa Kiswahili, basi bendi zilikuwa na hiari gani? Sera ya redio ilikuwa na uzito, na sitaki kuipunguza. Lakini Dar es Salaam Jazz na Cuban Marimba ziliimba Kiswahili kabla sera hiyo haijakuwepo, chini ya serikali ambayo haikujali bendi zinaimba nini. Ziliimba Kiswahili kwa sababu ukumbi wa mji wa reli haukuwa na lugha nyingine ya kuuweka pamoja. Tena kuna tofauti ambayo hoja ya uenezi huiruka. Kiswahili kilichoenezwa na shule, ofisi na chama kilikuwa cha amri, taarifa na hotuba. Mambo ya nyumbani, yaani wivu, deni, mke aliyeondoka, kijana anayekataa kurudi kijijini, watu wengi wa bara waliyazungumza kwa lugha za mama zao. Bendi ndizo zilizoyatia mambo hayo katika Kiswahili ambacho Mhaya na Mngoni wangekielewa bila kuuliza, ndipo mwalimu wa Kihaya aliyeoa Songea akapata maneno ya kugombana na kupatana na mkewe. Ili kufika hapo watunzi waliacha misemo ya mtaa mmoja na vijembe ambavyo Mzaramo tu angevicheka, wakachagua maneno ya wazi na visa vyenye majina ya watu wanaoweza kuwa popote. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz alikuwa bingwa wa Kiswahili cha aina hiyo, na sidhani angekifikia kama angebaki mtunzi wa mtaa mmoja.

Kenya inasaidia kupima dai hili, maana kule kulikuwa na sahani za kutosha na wanunuzi wa kila lugha. D.O. Misiani alizaliwa Shirati, upande wa Tanzania, akavuka na kuwa nguzo ya muziki wa benga wa Kenya; alisafiri sana kuliko wengi, lakini hasa kwa Dholuo, kwa sababu barabara zake zilikuwa za Nyanza na soko la sahani lilimruhusu kuishi humo. Safari peke yake, basi, haizai Kiswahili. Inategemea inapita wapi na nani analipa mlangoni. Ndugu Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga, wakapitia Arusha na Mombasa, wakatua Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na bendi iliyokuja kuitwa Simba Wanyika. Hawakuwa na jimbo lao nchini Kenya, hawakuwa na wilaya ya kuwanunulia sahani kwa undugu. Walibaki na Kiswahili cha njiani, na Nairobi nzima ikakisikiliza. Walipojitenga baadhi yao mwaka 1978 na kuunda Les Wanyika, mtindo ukaongezeka nguvu. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, na haukufunguliwa hadi 1983. Bendi za Tanzania zilipoteza njia rahisi ya kwenda kurekodi sahani, na kwa miaka michache ziliegemea mikoa yao kuliko wakati wowote.

Taarabu inatoa kipimo kingine. Siti binti Saad alisafiri kwa meli hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, safari iliyompa jina pwani yote, lakini taarabu kama desturi iliendelea kuwa ya nyumbani: Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa Unguja 1905, na vilabu vilivyofuata vilikuwa na wanachama, na vilipigia arusi na sikukuu za watu waliowafahamu. Kikundi kilichokaa mahali pamoja kiliweza kuwa na fidla nyingi, kanuni na udi, na kuimba mafumbo ambayo jirani alijua yanamlenga nani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vikundi vya bara, Muungano Cultural Troupe na Tanzania One Theatre (TOT) ya CCM, viliipakia taarabu garini pamoja na ngoma, vichekesho na sarakasi, vikaizungusha mikoani. Katika miaka michache fidla zikapungua na kinanda cha umeme kikachukua kazi zao, gitaa likasogea mbele, na fumbo likageuka mpasho unaoeleweka hapo hapo. Ushindani wa Khadija Kopa wa TOT na Nasma Khamis Kidogo wa Muungano ulijaza kumbi mji baada ya mji. Wapenzi wa taarabu asilia walilalamika kwamba muziki umeharibiwa, na ninawaelewa, kwani kilichopotea kilikuwa na thamani. Lakini mabadiliko yenyewe yanathibitisha nguvu ninayoizungumzia. Taarabu ilipoingia barabarani ilipata sifa zile zile ambazo dansi ilizipata miaka thelathini kabla yake.

Mlinganisho huo unaonyesha pia gharama iliyolipwa na wanawake. Taarabu ilikuwa na waimbaji wanawake tangu Siti. Dansi, kwa miongo mingi, ilikuwa na wachache mno, na Kida Waziri wa Vijana Jazz hutajwa kila mara kwa sababu majina ya kutaja pamoja na lake ni machache. Sauti za wanawake hazikukosekana nchini. Kilichowazuia ni kulala gesti na wanaume kumi na wanne kwa wiki sita, na heshima ambayo jamii ilimnyima mwanamke aliyefanya hivyo hali ikimsamehe mwanamume. Nyimbo nyingi za dansi zinamwonya mwanamke, zinamlaumu au zinamlilia. Ziliimbwa na wanaume walio mbali na nyumbani, na zinasikika hivyo. Ni upungufu mkubwa wa muziki huu, nao pia ulitokana na safari.

Hapa naweza kuambiwa kwamba nimeitukuza barabara, wakati iliwaua wanamuziki. Iliwaua kweli. Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, Cuban Marimba ikiwa juu kabisa, na Juma Kilaza akalazimika kuibeba bendi. Mbaraka Mwinshehe, aliyefika hadi maonyesho ya Osaka mwaka 1970 na Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano mwaka 1973, alifariki kwa ajali Mombasa Januari 1979 akiwa na miaka 34. Mwenda Jean Bosco alikufa barabarani Zambia mwaka 1990, Misiani huko Kisumu mwaka 2006. Watu wanne hawa si majina ya kando. Ni nguzo za muziki wa Kiswahili na wa benga, na kila mmoja alikuwa na kazi ambayo hakuimaliza. Mwanamuziki wa bendi ya shirika angalau alikuwa na mshahara wa kutegemea. Wa bendi ya mtu binafsi hakuwa na bima wala kiinua mgongo, na familia yake ilirudi kwa ndugu. Hilo halinifanyi niiondoe safari katikati ya historia hii. Linanifanya nisikubali historia inayohesabu mitindo na kuacha vifo, kwa sababu mitindo na vifo vilitokea katika kazi moja.

Miaka ya 1980 ilizibana safari zenyewe. Baada ya vita ya Kagera mafuta yalikuwa haba, vipuri havikupatikana, nyuzi za gitaa zilikuwa za kuwindwa, na bendi zilibaki Dar es Salaam wiki nyingi zikizunguka kumbi za Kariakoo, Magomeni na Keko. Inashangaza kwamba kipindi hicho cha kukaa ndicho kinachochukuliwa na wengi kuwa sura ya kawaida ya dansi, kwa sababu ndicho walichokiona wageni waliokuja kuandika. Remmy Ongala, aliyefika Dar es Salaam 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, alipata barabara nyingine na Super Matimila, ya matamasha ya WOMAD Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1980. Wengi hawakuipata. Muziki wa kizazi kipya ulipotwaa mikoa kuanzia miaka ya 2000, ulifanya hivyo kwa mwimbaji mmoja, wachezaji wawili na muziki uliorekodiwa kabla. Mwandaaji wa tamasha angeweza kuleta wasanii kumi kwa gharama ya bendi moja yenye watu kumi na watano na lori la vyombo. Msondo na Sikinde zilishindwa na hesabu hiyo, si na ladha ya vijana, kama inavyodaiwa kila tunapoombolezea dansi.

Kazi ya kuhifadhi kanda za Redio Tanzania ni njema na inastahili fedha zaidi. Hata hivyo, kanda hazitaonyesha bendi ilikuwa Nzega lini, ililipwa kiasi gani, nani alikataliwa ukumbi na kwa nini. Ushahidi wa aina hiyo uko kwenye majalada ya vibali ya maafisa utamaduni wa wilaya, kwenye kumbukumbu za Baraza la Muziki la Taifa lililoundwa 1974 na za Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililolifuata, kwenye vitabu vya hesabu vya mashirika yaliyomiliki bendi, kwenye matangazo ya dansi ya magazeti ya Uhuru na Ngurumo, na kwa madereva na mafundi mitambo ambao hawakuwahi kuhojiwa kwa sababu hawakuimba. Wengi wao wana umri mkubwa sasa, na majalada ya wilaya yanaweza kupotea ofisi inapohama. Historia ya dansi inayofuata inapaswa kuanzia huko, mji kwa mji, ikianza na Morogoro na Tabora kabla ya Kariakoo.